Herufi ya Ishirini na Tisa

Mara ya kwanza kisanduku chekundu kilipotokea kwenye kona ya skrini, Radhiya alibonyeza neno la kuzuia, kwa sababu lilikuwa la juu na lilionekana la usalama zaidi. Programu ya maabara ikazimika papo hapo. Jina la mgonjwa alilokuwa akiliandika likapotea, majibu yake yakapotea, na nje kwenye baraza walikuwa wamekaa watu saba wakingoja. Ilimbidi aanze upya. Kisanduku kikatokea tena, palepale, kwa mgonjwa yuleyule. Mara hii akabonyeza neno la chini, la kuruhusu. Kadi ya majibu ikachapishwa. Akashusha pumzi, akamwita mgonjwa mwingine.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Kufikia mwezi wa nne alikuwa ameruhusu mara kumi na moja.

Radhiya alikuwa na miaka arubaini na minne. Alifanya kazi ya maabara katika hospitali za serikali kwa muda mrefu, kisha akafungua chumba chake mwenyewe mtaa wa Langoni, Amu, chini ya nyumba ya marehemu babake: hadubini moja, friji moja, kompyuta moja. Programu ya majibu aliandikiwa na Taha, mtoto wa nduguye, miaka tisa iliyopita, kabla Taha hajaenda kufanya kazi Doha. Haikuwahi kumsumbua. Programu ya ulinzi ndiyo iliyokuwa ngeni. Aliwekewa mwanzoni mwa mwaka na fundi aitwaye Nerea, aliyetumwa kutoka Mombasa kuzipitia kompyuta za kliniki na maabara ndogo za pwani. Mwaka huohuo pia maabara ilitakiwa iandike majina ya wagonjwa kama yalivyo kwenye kitambulisho, yote, mpaka la babu.

Maneno ya kisanduku yalikuwa ya Kiingereza. Radhiya alikijua Kiingereza cha kazi yake, cha damu na mkojo na makohozi, lakini hiki kilikuwa cha watu wengine. Buffer overflow, kilisema. Kisha kikataja shambulizi, na kusema kwamba kuna kitu kimejaribu kuandika mahali ambapo hakina ruhusa ya kuandika.

Lililomtia hofu ni hilo neno shambulizi. Katika nti ya Amu, nchi iliyokwisha kuona mashambulizi, si neno la kuchezea. Kaka yake aliwahi kuchukuliwa na polisi siku mbili akahojiwa kwa ajili ya laini ya simu aliyoiuza zamani, na tangu wakati huo mamake hakulala vizuri mpaka akafariki. Radhiya alijiona anamweleza afisa kwamba shambulizi lilikuwa kwenye kompyuta yake, kwamba aliliona, na kwamba kila mara aliliruhusu.

Kisha akaanza kuwaza mbali zaidi. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na siri za nusu ya mji. Nani ana virusi vya UKIMWI na mumewe hajui. Binti wa nani alipimwa ujauzito akaomba asiitwe kwa jina barazani. Ikiwa kuna mtu amejipenyeza anazisoma, siku moja zitatoka, na watu hawatauliza ni nani aliyeziiba. Watasema zimetoka kwa Bi Radhiya.

Akabandika plasta ya kidonda juu ya kijicho cha kamera. Akawa anazungumza na wagonjwa kwa sauti ya chini. Jioni alipofunga, alirudi mara mbili kuhakikisha amezima umeme ukutani. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakujua angeanzia wapi, na kwa sababu ya zile kumi na moja.

Alhamisi moja asubuhi, kabla hajafungua mlango, aliamua kuung'oa waya wa intaneti. Aliuchomoa nyuma ya kompyuta, akauzungusha mkononi na kuutia kwenye droo. Basi yeyote aliyeko huko nje abaki huko nje. Kisha akafungua mlango, akampima mgonjwa wa kwanza, akaketi kuandika jina lake, mwanamume mwenye jina refu la vizazi vinne.

Kisanduku chekundu kikatokea.

Radhiya akaitazama droo. Waya ulikuwa kwenye droo, na bado kilitokea. Basi huyo mtu hayuko nje, alijiambia. Yumo humu ndani. Alimwomba mgonjwa radhi, akamwambia umeme unasumbua, arudi adhuhuri. Akafunga mlango kwa komeo na kumpigia Nerea.

"Nerea, mwanangu, ni Radhiya wa maabara, Amu."

"Bi Radhiya. Habari za huko?"

"Kuna mtu ndani ya kompyuta yangu."

Nerea hakucheka. Alikuwa msichana wa Kisumu, mpole, mwenye kuuliza jambo moja moja. Alimwomba amsomee maneno yote ya kisanduku bila kuruka hata moja. Radhiya akasoma, akijikwaa. Nerea akauliza ni programu gani iliyotajwa chini kabisa. Ilikuwa ya Taha.

"Na intaneti imeunganishwa?"

"Nimeung'oa waya. Na bado onyo laja. Ndiyo nikasema yumo ndani."

"Subiri. Uliung'oa kabla onyo halijatokea?"

"Kabla."

Nerea akashusha pumzi upande wa pili. "Basi hakuna mtu, Bi Radhiya. Hii ni habari njema. Onyo hili mara nyingi huwa la wezi, kwa sababu ni mbinu yao ya zamani. Lakini mwizi hawezi kupita kwenye waya uliomo kwenye droo. Kinachofanya kosa ni programu yenyewe."

Radhiya alikaa kitini. Hakujua alikuwa amesimama muda wote. Aliisema alhamdulillahi mara tatu, kimoyomoyo, na machozi yakamlenga. Miezi miwili alikuwa akimwogopa mtu ambaye hayupo.

"Basi niendelee na kazi?"

"Ngoja kwanza nikuelewe. Onyo hutokea unapofanya nini?"

"Ninapoandika jina, baada ya kuandika majibu."

"Majina yote?"

Radhiya akafikiri. "Hapana. Baadhi."

"Marefu?"

Hakuwahi kulitazama hivyo. Akaangalia jina la yule mwanamume aliyemrudisha. Lilikuwa refu. Akakumbuka lile la kabla yake. Lilikuwa refu pia.

"Nakueleza kwa lugha rahisi," Nerea alisema. "Aliyeandika programu alilitengea jina nafasi. Tuseme herufi ishirini na kitu. Ile nafasi ndiyo inaitwa bafa, hiyo buffer ya onyo lako. Sasa ukiandika jina lililozidi, programu nzuri ingekukatalia. Hii yako haihesabu. Inaandika tu, inapitiliza, na herufi zilizozidi zinaingia kwenye nafasi ya jirani, juu ya kilichokuwamo. Programu ya ulinzi inaona maandishi yanaingia pasipo pao, ndiyo inapiga kelele. Haikukosea. Wewe ukibonyeza kuruhusu, unaiambia iache herufi ziingie."

"Ziingie wapi?"

"Sijui. Popote panapofuata baada ya jina. Taha alipanga nini baada ya jina?"

Radhiya akakumbuka mzee mmoja wa Shela ambaye kadi yake ilitoka imeandikwa kundi la damu N. Walicheka wote wawili. Aliikata ile N kwa kalamu akaandika B juu yake, akatia sahihi. Alidhani ni printa. Baadaye mwanamke mmoja alitoka na kundi DI. Akakata tena. Akabadilisha hata wino.

"Nerea," alisema, "nafikiri ni kundi la damu."

"Tujaribu. Fungua mgonjwa wa uongo. Kundi la damu andika O. Kisha kwenye jina andika X, moja moja, uhesabu kwa sauti."

Radhiya akaandika na kuhesabu. Alipofika ishirini na nane hapakuwa na kitu. Nerea akamwambia sasa aandike Z. Kidole kikatua, na kisanduku chekundu kikachomoza kwenye kona. Akabonyeza kuruhusu, kisha akachapisha. Kadi ikatoka taratibu kama kawaida, na muhuri wa maabara yake juu. Kundi la damu: Z.

"Bi Radhiya? Upo?"

Alikuwapo, lakini alikuwa akiiwaza ile N na ile DI. Hizo aliziona kwa sababu hakuna mtu duniani mwenye damu ya N. Lakini jina lenye herufi ishirini na tisa, na ya mwisho ikawa A? Majina mangapi huishia na A. Kadi ingetoka safi. Kundi A. Na yeye angeitia sahihi.

"Nitajuaje ni akina nani?" aliuliza.

"Ulinzi umeandika kila onyo, siku na saa. Nitakuonyesha pa kufungua."

Ukiacha lile la kwanza alilolizuia na la majaribio ya Z, maonyo yalikuwa kumi na mawili, pamoja na la asubuhi hiyo. Radhiya akalitoa daftari lake la mezani, lile analoandika kwa mkono kila anapotazama damu kwenye kigae cha kupimia, kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta. Akalilinganisha mstari kwa mstari, kidole cha kushoto kwenye skrini, cha kulia kwenye daftari. Mzee wa Shela: N, imekatwa. Mwanamke wa DI: imekatwa. Mmoja alikuwa mtoto aliyepimwa malaria tu. Wengine nao walikuwa wametoka na herufi za ajabu na akawarekebisha. Akafika tarehe kumi na nane ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini.

Nasreen Abdulwahid Musab Taha. Mjamzito, wa kijiji cha Chundwa. Kwenye daftari, kwa mkono wake mwenyewe: O. Kwenye kompyuta: A.

Alihesabu herufi na nafasi zake kwa ncha ya kalamu. Ishirini na tisa.

"Nerea, nakukatia," alisema. "Kuna mama mjamzito."

Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya mumewe, Shukri. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na mwanamke mtu mzima, na nyuma yake palikuwa na kelele za watu na injini.

"Bi Radhiya wa maabara? Mimi ni Aliya, mamake Nasreen."

"Bi Aliya, Nasreen yu wapi?"

"Tuko Mokowe, huku bara. Amejifungua Jumapili, salama, mtoto wa kike. Yeo damu yamtoka sana. Twampeleka Malindi, lakini aliposhuka tu botini akaanguka, tumemtia kwenye kliniki hapa karibu na gati. Shukri yuko ndani yuwatoa damu. Alhamdulillahi yeye ni A, na mkewe ni A, kadi tunayo."

"Bi Aliya, nisikize. Kadi ile ina kosa. Nasreen si A. Waambie wasimtie damu hiyo. Waambie sasa hivi."

"Wasemaje? Sikusikii, mwanangu, hapa pana gari."

"Wasimtie damu. Nasreen ni O."

"Ee, damu, ndiyo, wamtia sasa, inshallah," alisema Bi Aliya, na simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Alimjua mtu wa maabara wa kliniki ile, kijana wa bara aitwaye Ian, ambaye dawa zake za kupimia makundi zinapokwisha huja kuazima kwake. Wiki iliyopita alimwambia zimekwisha na ameagiza nyingine hazijafika. Kwa hiyo Ian hakuweza kumpima Nasreen. Alikuwa na kadi tu. Radhiya akampigia. Simu haikupatikana.

Akafungua friji, akatia chupa tatu za dawa za makundi kwenye kibebeo cha barafu, pamoja na vigae, na akatoka bila kufunga mlango. Alishuka vichochoro vya Langoni akikimbia, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, buibui ameikusanya kwa mkono mmoja. Watu walimpisha. Mtu mmoja alimwuliza kuna nini, naye akasikia sauti yake ikisema, "Mgonjwa wangu." Gatini boti ya abiria ilikuwa haijajaa. Alimwambia nahodha kuna mtu anakufa Mokowe, na nahodha alipomtazama usoni hakuuliza la pili. Akang'oa nanga na abiria wanne.

Njiani hakuona chochote. Alikuwa akijua, bora kuliko mtu yeyote kwenye boti ile, kile ambacho damu ya A hufanya ndani ya mwili wa mtu wa O. Aliwahi kukitazama kwenye hadubini mara elfu: chembe zinazokimbiliana na kushikana kama mchanga uliolowa. Kwenye kigae ni jambo dogo, unaandika jibu na kuosha kigae. Sasa aliwaza figo, na moto mgongoni, na mkojo mweusi. Aliomba dua zote alizozijua, kisha akajikuta anarudia moja tu, na hata hiyo hakuimaliza.

Kliniki ilikuwa hatua chache kutoka gatini. Uani palikuwa na watu wa Chundwa, wanaume kwa wanawake, na Bi Aliya amepakata kichanga. Radhiya hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha maabara na kumkuta Ian ameinama juu ya kigae, amekishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Ian, damu iko wapi?"

Ian aligeuka. Uso wake ulikuwa na jasho. "Madam, afadhali umekuja. Nimeoanisha damu ya mume na ya mgonjwa mara mbili, na mara zote mbili zimeshikana. Nikadhani maji yangu ya chumvi yameharibika. Maana kadi yako inasema A."

"Amini macho yako. Kadi ni mbovu. Damu iko wapi?"

"Sista ameichukua. Daktari amesema mgonjwa anakwisha, haiwezekani kungoja, na kadi ipo. Nilikuwa narudia mara ya tatu ili—"

Hakumaliza. Wote wawili walikuwa wameshaingia wodini.

Nasreen alikuwa kitanda cha pili, mweupe kama shuka, midomo imemkauka. Mfuko ulikuwa umetundikwa juu yake na damu inashuka tone kwa tone. Muuguzi alikuwa amemshika mkono. "Anasema mgongo unamwaka," muuguzi alisema. "Na anatetemeka. Nadhani ni homa ya uzazi."

Radhiya alipeleka mkono kwenye mrija na kukibana kile kigurudumu cha kufungia mpaka mwisho. Tone lililokuwa linataka kudondoka likabaki likining'inia. Kisha akauchomoa mrija wote, akasema kwa sauti aliyotaka iwe tulivu, "Mtieni maji. Mengi. Damu hii si yake."

Daktari mwenye zamu alianza kumwuliza yeye ni nani. Ian akajibu kwa niaba yake. Radhiya alikuwa ameshachoma kidole cha Nasreen na kuweka matone matatu kwenye kigae. Akatia dawa, akatikisa. Hayakushikana popote. O. Kama daftari lilivyosema tangu tarehe kumi na nane.

"Mfuko umeingia kiasi gani?" daktari aliuliza.

Ian akaupima kwa jicho. "Vijiko vitatu vinne vya chai. Labda vitano."

"Basi tafuteni O," daktari alisema. "Haraka."

Walitoka uani na kibebeo. Radhiya aliwapanga watu wa Chundwa foleni, akawachoma vidole mmoja mmoja huku Ian akitikisa vigae. Watu wanane, na watatu kati yao O: kaka yake Nasreen, shemeji mmoja, na mwanamke jirani aliyekuja kubeba mizigo tu. Walipimwa magonjwa na damu zao zikaoanishwa, na mara hii kila kigae kilikaa laini kama maziwa. Daktari alipotundika mfuko wa pili, Radhiya alisimama kando ya kitanda na kutazama kila tone mpaka robo saa ikapita. Nasreen aliacha kutetemeka. Akafumbua macho, akaomba mtoto wake.

Radhiya alitoka akaketi kwenye ngazi, na Shukri, mumewe Nasreen, akaja kukaa karibu naye akiwa ameukunja mkono uliotoka damu. Alikuwa mvuvi wa miaka thelathini hivi, mtu wa maneno machache.

"Wasema damu yangu ingemuua," alisema.

"Ndiyo. Na kosa si lako. Ni langu." Radhiya akamweleza. Alitaka kusema ni kompyuta, na ingekuwa kweli, lakini hakulisema hilo peke yake. "Kompyuta ilinionya. Kila mara ilinionya. Sikulielewa onyo, nikaliogopa, na sikumwuliza mtu. Nikawa nabonyeza tu ili kazi iende."

Shukri akauliza, "Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Hakumtukana. Angemtukana, Radhiya alifikiri baadaye, ingekuwa rahisi zaidi kubeba. Aliinuka, akasema, "Umekuya mwenyewe," kisha akaingia ndani kwa mkewe.

Gari la wagonjwa lilimpeleka Nasreen Mombasa mchana huo. Siku mbili za kwanza mkojo wake ulikuwa wa rangi ya kahawa, na madaktari walisema figo zimeguswa. Radhiya alimpigia Bi Aliya asubuhi na jioni. Kila simu ilipoita alikuwa anahesabu milio, akiogopa ule ambao mtu angeupokea kwa kilio. Siku ya nne mkojo ukaanza kusafika. Siku ya tisa Nasreen alitoka hospitali kwa miguu yake.

Lakini Alhamisi ile yenyewe, aliporudi kutoka Mokowe, Radhiya alikuta mlango wa maabara uko wazi kama alivyouacha na daftari liko palepale mezani. Alikuwa ameishia tarehe kumi na nane ya mwezi wa tatu. Bado mistari mitatu, ukiacha ule wa asubuhi hiyo. Alitamani kulifunga. Akaketi akaendelea na kidole.

Wa kwanza na wa pili walikuwa wamerekebishwa. Wa mwisho alikuwa Husein Bwanaheri Mahadi Kombo, aliyepimwa wiki mbili nyuma. Daftari: B. Kompyuta: O. Herufi ishirini na tisa. Na pembeni ya daftari alikuwa ameandika sababu ya kipimo, kwa maneno ya Husein mwenyewe: anataka kujiandikisha kutoa damu.

Mtu wa O huitwa kwanza, kwa sababu damu yake hupewa yeyote. Radhiya alimwona mtoto fulani, mahali fulani, ametundikiwa mfuko wa Husein. Namba yake haikupatikana. Aliuliza mtaani, akaambiwa anafanya kazi ya jenereta kwenye hoteli moja ya kisiwa cha Manda, na huko mtandao hushika ufukweni tu. Akavuka na boti iliyokuwa inapeleka abiria wa ndege ya alasiri, kibebeo chake mapajani.

Husein alikuwa mtu mnene, mcheshi, mikono imejaa grisi. Alimwona Radhiya akija mchangani akadhani amekuja kumpa habari ya ugonjwa. Tabasamu likamtoka.

"Nina nini, Bi Radhiya? Niambie tu."

"Huna kitu. Umeshatoa damu?"

"Nilikwenda Jumatatu. Wakasema nirudi, presha ilikuwa juu."

Radhiya alijishika kwenye ukuta wa chumba cha jenereta. Husein akamletea kiti cha plastiki na maji, akabaki amesimama mbele yake, ameanza kuogopa kwa ajili yake.

Radhiya alimweleza yote, kutoka kisanduku chekundu mpaka Mokowe, bila kujipunguzia. Kisha akaiomba ile kadi. Husein akaitoa kwenye pochi yake. Radhiya akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwake, akampima upya mara mbili pale pale kwenye kiti. B. B. Akamwandikia kadi nyingine kwa mkono, herufi kubwa, na kumwambia kwamba hospitali yoyote itakayomtoa damu lazima impime yenyewe, isiiamini hata hii.

Usiku ule alimpigia Taha, Doha. Taha alisikiliza mpaka mwisho, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilidhani ishirini na nane zatosha, Shangazi. Wakati ule watu waliandika majina mawili. Sikuweka amri ya kuhesabu herufi. Ingekuwa mstari mmoja tu."

"Na mimi nilionywa," Radhiya alimjibu. "Tengeneza huo mstari."

Taha aliutengeneza, na Nerea alikuja mwenyewe kutoka Mombasa kuukagua. Walikaa siku nzima wakiandika majina ya uongo, marefu kupita kiasi, na kila mara programu iliwakatalia kwa heshima. Onyo halikutokea tena. Nerea alisema sasa mashine iko salama, na Radhiya aliamini kwamba alikuwa akisema kweli.

Hata hivyo, hadi leo, kadi inapotoka kwenye printa haitii sahihi kwanza. Hulifungua daftari, huweka kidole kwenye jina, na kulisoma kundi la damu kwa sauti, mbele ya mgonjwa, mara mbili. Wagonjwa wengine hucheka kidogo. Moyo wake bado hudunda mpaka anapofika mwisho wa mstari.